Mbeba Lawama wa Jumba la Maji

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema, kwa kinywa changu, maana wapo watakaoisimulia habari hii kwa kuitia chumvi, na chumvi ya habari zangu napenda kuitia mwenyewe. Wala haikuwa mara ya kwanza. Nimewahi kuuziwa saa isiyo na mashine ndani. Nimewahi kukaa mahabusu siku tatu kwa kosa la mtu tuliyefanana viatu. Nimewahi kumchumbia mwanamke huku mumewe amesimama nyuma yangu, ameshika mwavuli. Kila mara nilijiambia, basi, sasa nimeerevuka. Kisha nikafika Angavu.

Nilifikaje huko si kitu. Anayetaka kwenda atafika. Hakuna aliyewahi kuikosa njia ya kupotea.

Angavu ni nchi ambayo wadogo wanawatazama wakubwa. Hivyo ndivyo Waangavu wanavyoieleza, nao huieleza wakiwa wameinua kidevu. Mtoto akizaliwa huvishwa shingoni kioo kidogo, ukubwa wa kiganja. Ukikielekeza kioo hicho mahali na kukigonga mgongoni mara tatu, unachokiona wewe kinaonekana papo hapo katika vioo vyote vya nchi. Watazamaji wakiwa wachache, kioo hubaki cheupe. Wakiongezeka, hugeuka manjano. Umma mzima ukitazama, kioo huwa chekundu, na hapo husemwa jambo limeiva. Jambo likiiva, Jumba linalohusika sharti lilijibu siku hiyo hiyo, kabla ya alasiri. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nchi, imechongwa juu ya lango, na nilipoisoma nilivua kofia. Kwetu niliwahi kuandika barua ofisini, na jibu lilipokuja, aliyelitia saini alikuwa amestaafu na mimi nilikuwa nimesahau nilichouliza.

Majumba yenyewe ni mengi: la Maji, la Barabara, la Dawa, la Elimu. Sheria ya pili inasema yajengwe kwa kuta za vioo ili kila apitaye aone kinachotendeka ndani. Yamejengwa hivyo kweli, na nyuma ya vioo kuna mapazia mazito. Nilimuuliza mlinzi mmoja kuhusu mapazia yale. Akanijibu kwa adabu kwamba ni ya muda tu, jua likipoa yatatolewa. Nikamuuliza yamekaa muda gani. Akasema yeye aliyakuta, na baba yake, aliyekuwa mlinzi kabla yake, naye aliyakuta.

Nilitembezwa pia katika Idara ya Masikitiko, inayoyahudumia Majumba yote, ambako makarani wanane hukunja barua zilizokwisha kuchapwa: "Tumelipokea suala lako kwa uzito unaostahili." Uzito wenyewe umepangwa kwenye saraka tatu, mdogo, wa kati na mkubwa, na saraka ya mkubwa ilikuwa imekwama. Chumba cha pili alikaa mzee mmoja mwenye kofia arobaini. Kazi yake ni kuvaa kofia, kujitokeza kwenye vioo vya watu akilisifu Jumba, kisha kuvua na kuvaa nyingine. Nilipofika alikuwa kwenye tarabushi, amekasirika sana na wanaolichongea Jumba. Alipoweka tarabushi na kuvaa pama, akasema anaunga mkono maneno ya msemaji aliyetangulia.

Nilifikia kwa Bi Mashavu, dobi wa mtaa wa Kichangani, mama wa makamo mwenye mikono iliyozoea kukamua mablanketi. Uani kwake kulikuwa na makaro manne ya kufulia, yote makavu. Katika moja kuku alikuwa analalia mayai. Kichangani haikuwa na maji kwa mwezi wa saba mfululizo. Bi Mashavu alikuwa akienda bwawani, mwendo wa saa nzima, akirudi na ndoo kichwani ndipo aanze kufua nguo za watu. Madobi wenzake wawili walishafunga na kuhama. Yeye alisema hahami. Makaro yale yalijengwa na marehemu mama yake, kwa mikono yake, na jina lake limeandikwa kwenye saruji. Lakini aliniambia pia, bila kunitazama, kwamba mgongo wake haufiki mwezi wa nane.

Akanionya kabla sijamaliza chai. "Mgeni, pale langoni wamekupa kioo cha wageni. Kivae, lakini usikigonge. Kuna jambo nalipika, na sitaki mtu anifunulie chungu."

Nikasema nimesikia. Mimi kusikia sina shida nako. Shida yangu huanza kesho yake.

Kesho yake asubuhi nikaona si vizuri kula chakula cha mwenyeji bila kumsaidia. Nikaenda Jumba la Maji. Nje palikuwa na foleni ya watu na ndoo tupu, wengine wamezigeuza wakazikalia. Na pale juu barazani, kwenye kiti kikubwa chenye mito, alikaa bwana mmoja ndani ya joho jekundu, anatafuna karanga. Miguu yake ilikuwa ndani ya beseni. Beseni lilijaa maji masafi mpaka ukingoni, naye alikuwa akichezesha vidole, maji yakimwagika sakafuni mbele ya watu wenye kiu. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao: MHUSIKA.

Sasa wewe mwenzangu ungefanya nini?

Nikakielekeza kioo, nikakigonga mara tatu, nikatoa hotuba fupi ambayo leo siikumbuki vizuri, ila ilikuwa na neno "beseni" mara nyingi. Kioo kiligeuka manjano kabla bwana yule hajameza. Kikawa chekundu kabla sijamaliza sentensi. Watu wa foleni wakanipa mkono. Mama mmoja akaomba akiguse kioo changu. Nakiri kwamba nilinenepa pale pale niliposimama. Bwana wa joho akainua macho, akanipungia, akaniuliza kwa upole kama mwanga unatosha au ageuke kidogo.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nilimwambia ageuke kidogo.

Nikarudi Kichangani mbio. Bi Mashavu alikuwa anapiga pasi shati la mtu. Kioo chake mwenyewe kilikuwa kifuani, bado chekundu.

"Umegonga," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimegonga. Na limeiva."

"Umemgonga nani?"

"Mkubwa wao. Yule wa joho, mwenye beseni."

Akaiweka pasi juu ya kigae, taratibu, kama mtu anayeogopa atakachoifanyia akiendelea kuishika. "Yule anaitwa Chande," akasema. "Si mkubwa wa mtu yeyote. Ni Mbeba Lawama."

Ndipo akanieleza, na nayaandika kama alivyoyasema. Sheria ya Angavu inataka kila jibu limtaje mkosaji mmoja, na mkosaji huyo aondoke kazini. Sheria haikusema awe ndiye aliyekosa. Kwa hiyo kila Jumba huajiri mtu wa kukaa mahali panapoonekana kuliko pote, amevaa joho, anafanya jambo la kuudhi. La Maji humpa beseni. La Barabara humkalisha kwenye kiti cha kubembea, juu ya lami pekee iliyo nzima. La Dawa lilikuwa na jamaa mnene wa kucheka mbele ya wagonjwa, lakini alipata kikohozi akakosa dawa. Hasira ya umma ikija, humkuta pale pale alipowekwa. Anafukuzwa, watu wanashangilia, na wiki ijayo anaajiriwa mwingine.

"Na wananchi hawajui?" nikauliza.

"Wanajua sana. Lakini hasira ikishapanda, nani anataka kuanza kuuliza? Wewe ulitaka?"

Akaendelea kwamba ipo na sheria ya tatu, ambayo haikuchongwa langoni: jambo likishajibiwa linapigwa muhuri, na haliulizwi tena kwa mwaka mzima.

Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari lenye jalada lililochanika. Kwa miezi saba, kila alipotoka bwawani, alikuwa ameweka ndoo chini na kulifuata bomba la Kichangani hatua kwa hatua, akiandika. Bomba lilipita chini ya soko, chini ya shule, likapanda kilima mpaka kwenye bustani ya Mtukufu, mkuu wa Jumba la Maji, mtu ambaye hakuna kioo kilichowahi kumwona. Huko, nyuma ya bwawa lenye bata kumi na wanne, ndiko ilikokuwa koki ya mtaa wake, imefungwa kwa kufuli. Maji yote ya Kichangani yalikuwa yakiogelewa. Keshokutwa bustani ile ilikuwa na karamu, na vitambaa vya meza alipewa yeye avifue na kuvipeleka. Angeingia na kapu lake, angekigonga kioo mara moja tu: koki, kufuli, na bata.

"Sasa umewauliza swali rahisi," akasema, "na swali rahisi watalijibu."

Nimewahi kutukanwa na watu wenye ufasaha mkubwa. Hakuna aliyenifikia mahali sentensi ile iliponifikia.

Na kweli walijibu. Waangavu hawaridhiki akifukuzwa mtu mdogo, kwa hiyo Mbeba Lawama hupandishwa cheo kwanza. Saa tano barabara Chande alitangazwa Mkuu wa Koki Zote. Akaitwa Mheshimiwa, akanyweshwa chai kwenye kikombe cha wakubwa, kofia arobaini zikampongeza moja baada ya nyingine. Saa sita akafukuzwa. Msemaji wa Jumba, kijana nadhifu aitwaye Mwinyimvua, alitoka roshani na kusoma Jibu kwa sauti ya msibani: kwamba Mkuu huyo, peke yake, kwa mkono wake, bila Jumba kujua, ndiye aliyewafungia maji watu wa Kichangani, na kwamba Jumba, kwa uchungu, limemwondoa. Uwanja mzima ukapiga makofi. Vioo vikarudi vyeupe. Baada ya nusu saa vikawa vyekundu tena, maana mtu alionekana amelala juu ya rundo la vitabu mbele ya Jumba la Elimu, na beseni likasahauliwa.

Mimi sikulisahau. Nikazunguka mlango wa nyuma wa Jumba kumtafuta Chande nimwombe radhi. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku la mbao, anapangusa miguu, kila kidole kimekunjamana kama zabibu kavu.

"Ni wewe uliyenigonga?" akasema. "Keti, ndugu yangu. Umenipiga vizuri. Yule aliyenigonga nikiwa Jumba la Barabara alinionyesha jicho moja limefumba."

Nikamwambia nasikitika. Akacheka, akasema hii ni mara yake ya tisa kufukuzwa, Jumatatu anaanza kwenye Jumba la Dawa, na kwamba jambo la kusikitikia ni karanga alizozisahau barazani. Kilichomuudhi kilikuwa kingine. Akatoa barua mfukoni mwa joho, ina muhuri mpana wa Jumba, akanionyesha cheo chake. "Mkuu wa Koki Zote, mwenye mamlaka kamili ya kufunga na kufungua. Saa nzima nilikuwa mtu mkubwa. Na wakuu wa kweli wakiondoka hufanyiwa makabidhiano, siku nzima, mbele ya vioo, kitu kwa kitu, kisha wanapikiwa pilau. Mimi wamenipa kipande cha mkate, tena mlangoni."

Nilikichukua kichekesho hicho mpaka kwa Bi Mashavu. Nilidhani kitamchangamsha. Alikuwa amekaa ukingoni mwa karo la mama yake, kuku anamtazama. Nikamsimulia zabibu, karanga, pilau. Hakucheka hata kidogo.

"Hiyo barua imesemaje? Niambie neno kwa neno."

Nikamwambia.

"Ina muhuri?"

"Wa Jumba lenyewe. Mpana kama sahani."

Akasimama, akafuta mikono, akajifunga kanga safi. "Kamlete Chande uwanjani kabla Jibu halijapigwa muhuri," akasema, "na joho lake. Mwambie pilau nitampikia mimi. Na wewe, baba, ukifika huko, mikono yako iwe nyuma."

Uwanja wa Muhuri uko mbele ya Jumba la Maji. Mwamuzi ni mama mfupi anayekaa kwenye kiti kirefu, na muhuri wake ni mzito hivi kwamba huuinua kwa mikono miwili. Kabla ya kuupiga huuliza kama kuna mwenye neno. Kwa kawaida hakuna. Siku ile palikuwa na watu kama thelathini tu, wengi wao wakipitapita kuelekea kumtazama yule wa Elimu.

Bi Mashavu akasema ana neno, akafungua daftari. Mwinyimvua akapinga hata kabla hajafika ukurasa wa kwanza: sheria hairuhusu ushahidi mpya baada ya Jibu. Mwamuzi akakubaliana naye. Anayepinga anaruhusiwa kuuliza kuhusu Jibu lenyewe tu. Bi Mashavu akalifunga daftari, akaliweka kwapani bila kununa, na nilimwona Mwinyimvua akitabasamu.

"Basi nitauliza Jibu," akasema Bi Mashavu. "Aliyetufungia maji ni Chande?"

"Ni yeye."

"Hakusaidiwa?"

"Peke yake, mama. Imesomwa roshani, umma umesikia."

"Alikuwa na mamlaka?"

"Kamili. Ya kufunga na kufungua. Barua ninayo, na yeye anayo."

Chande, pembeni, akainua yake juu, joho limemkaa vizuri. Watu wawili watatu waliokuwa wanaondoka wakasimama. Bi Mashavu akamgeukia Mwamuzi, akauliza kama ni kweli kwamba Mkuu haondoki bila makabidhiano. Mwamuzi akafungua kitabu kinene, akatembeza kidole, akasema ni kweli: mkuu yeyote, wa muda mrefu au mfupi, sharti apelekwe mahali pa kazi yake na kukabidhi kila kitu mbele ya vioo vya umma, katika hali ile ile kilivyokuwa kabla ya kosa. Kabla ya hapo muhuri haupigwi.

Tabasamu la Mwinyimvua likabaki usoni, lakini naona alilisahau tu pale. Akasema hayo ni mambo ya taratibu ndogo ndogo. Akasema bwana Chande amechoka. Chande akasema yeye hajachoka, na kwa heshima ya cheo chake yuko tayari kukabidhi hata sasa hivi. Watu wakacheka, na waliocheka wakainua vioo. Kioo changu kikageuka manjano bila mimi kukigusa. Mikono yangu ilikuwa nyuma kama nilivyoagizwa.

Mwinyimvua akaanza kutokwa jasho. Akasema cheo kile kilikuwa cha saa moja. Mwamuzi akamuuliza kama ndani ya saa moja hiyo mtu mmoja aliweza kufunga maji ya miezi saba. Akasema la, alimaanisha barua ndiyo ya saa moja, kosa ni la zamani. Mwamuzi akamuuliza kama Jumba linataka kulirudisha Jibu lake. Katika Angavu Jumba linalorudisha Jibu hutolewa mapazia, yote, siku hiyo hiyo. Akasema hapana, hapana, Jibu linasimama kama lilivyo. Vioo vikawa vyekundu uwanja mzima, na wale waliokwenda kumtazama wa Elimu wakaanza kurudi wakikimbia.

Hapo kijana akapoteza subira. Akamkabili Bi Mashavu, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya msibani tena:

"Mama, tuwe wakweli. Makabidhiano gani? Huyu mtu hajui hata hiyo koki iko wapi!"

Chande akaacha kuipepea barua yake. Bi Mashavu akalitoa daftari kwapani, akamshika Mbeba Lawama mkono, kwa upole, kama anayemvusha mtu barabara.

"Usihangaike, mwanangu," akasema. "Mimi najua iko wapi. Nitampeleka."